Foleni ya Wafugaji

Kuanzia Mlowo mpaka ng'ambo kule Nakonde ya Zambia, hapakuwa na mtu aliyelijua Bonde kama mimi. Nasema bila aibu. Ile skrini niliizoea kama mkono unavyozoea njia ya kwenda mdomoni umeme ukikatika. Ningeweza kuicheza nimefumba macho. Na mwaka ule wenye mchezo walipotuletea mageuzi yao, mtu wa Tunduma aliyekataa kuliko wote alikuwa mimi, Sadoki, mtoto wa Iyula. Waliobaki walikataa kwa sababu mimi nilikataa.

Kwa asiyelijua, Bonde ni mchezo wa kwenye intaneti. Jina lake halisi ni refu na la Kizungu. Sisi tuliuita Bonde kwa sababu picha ya kwanza ukifungua ni bonde lenye ukungu. Unaingia, unachagua umbo, unachagua kazi, halafu unaishi mle na watu wa dunia nzima: Wapolandi, Wabrazili, Wafilipino, na jamaa fulani wa Nakonde tuliowatambua kwa matusi yao ya Kibemba. Kazi zilikuwa nne. Askari anapigwa. Mganga anamponya Askari. Mpiga Mishale anasimama mbali na kujisifu. Mfugaji anatembea na kundi la wanyama wakali, wanapigana wao, yeye amesimama nyuma anapunga upepo. Mimi nilikuwa Mfugaji. Kazi inayofanywa na wengine huku wewe unaangalia, nani ataikataa?

Tulichezea kwa dada Enesi. Kafe yake ilitazamana na barabara ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na wateja wake wakubwa walikuwa madereva waliokuja kuwaandikia matajiri wao kwamba bado wamekwama. Enesi aliwasalimia kwa Kibemba, "Muli shani," akawaonyesha kiti, halafu akatugeukia sisi na uso mwingine. "Nyie watoto wa Bonde, viti vyangu mmevifanya vitanda." Ilikuwa mwanzoni mwa 2012, masika, tope mpaka kwenye vifundo. Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne tunasubiri matokeo, na ukisubiri matokeo hakuna anayethubutu kukuuliza unafanya nini.

Ninaposema tulikuwa, namaanisha mimi na Kashinje. Kashinje alikuwa Msukuma wa kule chini Ivuna, kwenye joto na chumvi. Baba yake ana ng'ombe ambao vumbi lao unaliona kabla hujawaona wao. Lakini mzee alipowagawia wanawe mifugo, kaka zake wote walipata, na Kashinje akaambiwa, "Wewe fungu lako ni kalamu." Akaletwa shule. Kwa hiyo kundi pekee ambalo Kashinje angeweza kusema ni langu lilikuwa ndani ya kompyuta ya Enesi. Wafugaji wengine tulifuga mbwa mwitu, simba, na mijusi inayotema moto. Yeye alifuga nyati watupu. Aliwanunua wakiwa ndama, akawalisha, akawapa majina kwa rangi zao: Mwekundu, Madoa, Kijivu, na wengine. Walikuwa wazito, hawana kasi, na hakuna mtu mwingine duniani aliyewataka.

Tena aliwafuga kama kwao. Kwao mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Anamweka huyu kwa rafiki, yule kwa shemeji, ili ugonjwa au mwizi akipita upande mmoja, mbegu ibaki upande mwingine. Bonde lilikuwa na nafasi hiyo: unaweza kumlaza mnyama wako kwenye zizi la mwenzako. Hakuna aliyeitumia, ila Kashinje. Siku aliyomlaza Mwekundu kwangu alinishika mkono kwa mikono miwili, kwelikweli, pale kwenye kiti cha plastiki. "Huyu ndiye mama yao, Sadoki. Nimekupa wewe."

"Atakula kuliko mimi," nikamwambia. Lakini nilijisikia mtu mzima.

Basi, Alhamisi moja asubuhi nilifika kwa Enesi kabla ya wote. Ayoub, fundi simu wa kibanda cha jirani, alikuwa ameegemea mlango anapiga mswaki. Yeye alikuwa Mpiga Mishale, na kama nilivyosema, kazi yao ni kujisifu wakiwa mbali.

"Oya, Sadoki. Kuna apdeti leo. Nasikia wamehamisha vitufe vyote."

"Wahamishe hata mbingu. Mimi naingia nimefumba macho."

"Acha sifa, mwanangu."

"Kaa hapo uone."

Nikafumba. Nikaandika neno la siri, nikasikia baragumu la kuingilia. Nilijua kinachofuata: linakuja dirisha la tangazo, na kulia kwake kuna kitufe chekundu cha kulifunga. Miaka miwili kilikuwa palepale. Kidole kikaenda chenyewe. Ikalia sauti nisiyoijua, tii, kama kijiko kikigonga glasi.

"Umeona?" nikasema, bado nimefumba.

Hakuna aliyejibu. Mteja alikuwa amemwita Ayoub, na Enesi alikuwa nje anamwaga maji. Nikafumbua macho.

Skrini iliandika: Asante. Sasa wewe ni Mwindaji.

Kundi langu halikuwapo. Kando ya mtu wangu alisimama mbwa mwitu mmoja, mwembamba, ana sura ya mbwa wa stendi. Pale chini palipokuwa na filimbi ya kuitia wanyama palikuwa na picha ya mshale. Zizi lilikuwa nyasi tupu. Mbwa mwitu wangu, hakuna. Mwekundu, mama yao, hakuna.

Ndipo nikalisoma tangazo, kwa sababu mimi ni mtu wa kusoma. Lilisema kazi ya Mfugaji inafutwa. Eti makundi yanaifanya mitambo iwe mizito na yanawachanganya wageni. Kila Mfugaji anaombwa kukubali kuwa Mwindaji mwenye mnyama mmoja, kabla ya Jumapili mchana. Ukikubali, hakuna kurudi. Na kitufe cha kukubali ni kile chekundu.

Nikazima kioo cha kompyuta. Mashine yenyewe nikaiacha inanguruma.

Kashinje akaingia na tope lake. "Mwangaluka," akasalimia Kisukuma, kama kawaida yake, na kama kawaida yetu hakuna aliyemjibu inavyotakiwa. Akakaa mashine ya pili, akaingia Bonde. Nikasikia baragumu.

"Sadoki, kuna dirisha hapa linasema..."

"Usiguse nyekundu!"

Niliruka mpaka kiti kikaanguka. Enesi alichungulia na ndoo mkononi.

"Sijagusa," Kashinje akasema.

"Usiguse kabisa! Ni mtego. Wanataka tukubali kufutwa." Nikamweleza yote, kufutwa kwa Wafugaji, mnyama mmoja, Jumapili. Alikuwa ameliburuta lile dirisha mpaka pembeni ya skrini, analitazama zizi lake. Akatazama muda mrefu. Nikadhani anawaaga.

"Umejuaje mambo ya nyekundu?" akauliza.

"Nimesoma."

"Mashine yako imezimwa."

"Kioo kibovu. Nimesoma kabla hakijaharibika."

Akaniangalia vile baba yake anavyomwangalia mtu anayeuza ng'ombe huku amemgeuzia ubavu mmoja tu. Halafu akasema taratibu, "Basi hatugusi." Nikashusha pumzi.

Mchana ule dunia nzima ilikuwa na hasira, na hasira ilikuwa kwenye ukurasa wa majadiliano wa wachezaji. Si Wafugaji peke yao. Kitufe cha kuruka walikuwa wamekiweka palipokuwa na kitufe cha kuponya, kwa hiyo Waganga wa mabara yote walikuwa wanarukaruka huku wagonjwa wao wanakufa miguuni. Askari mmoja wa Brazili alikuwa ametupa ngao yake mtoni akidhani anajikinga. Watu waliandika kurasa na kurasa. Wenye mchezo wakajibu kwa sentensi moja, nikaitafsiri kwa sauti: "Mtazoea."

"Ndivyo walivyosema?" Enesi akauliza. Yeye hakuwa anacheza, lakini aliacha kufagia. "Mtazoea? Mwenye nyumba wangu aliponihamishia choo nyuma ya ukuta wa jirani aliniambia hivyohivyo. Watoto, msikubali."

Nikatazama nje. Malori yalikuwa yamesimama, pua kwa mkia, kutoka mpakani mpaka macho yanapoishia. Hapa kwetu lori moja likigoma, mfalme na mwendawazimu wote wanasubiri pamoja. Na ndani ya Bonde kulikuwa na soko moja kubwa, na daraja la kulifikia lilikuwa moja tu, na kila Mfugaji alikuwa na kundi.

Hilo wazo lilikuwa langu. Yote mengine nitajadiliana nawe, hilo silitoi. Nikaketi kwenye mashine ya tatu, ile ya kuchapia barua za maombi ya kazi, inayofungua ukurasa lakini haifungui Bonde. Nikaandika kwa Kiingereza changu chote: Wafugaji wa dunia, msibonyeze. Buruteni dirisha pembeni, leteni makundi yenu darajani, wapangeni mmoja nyuma ya mwingine, msimame. Sisi huku tunaliita jambo hili FOLENI.

Mpolandi mmoja akauliza foleni ni mnyama gani. Nikamjibu ni mnyama mrefu kuliko wote, na hana haraka.

Siku ya pili yake daraja lilikuwa limejaa. Simba nyuma ya mijusi, mijusi nyuma ya mbwa mwitu, na mbele kabisa, mlangoni mwa soko, nyati wa Kashinje. Wale waliokuwa wazito, wasio na kasi, wasiotakiwa na mtu! Mfanyabiashara akija mbio na mzigo wake anagonga mbavu za Madoa, anarudi. Hata ukimpiga Madoa hasogei, anatafuna tu. Na hewani, juu ya vichwa vya watu wa lugha zote, maandishi yalikuwa yanapanda kama moshi: FOLENI. FOLENI. FOLENI. Jamaa wa Nakonde waliongeza ya kwao ambayo siwezi kuyaandika.

"Wewe uko wapi?" Kashinje akaniuliza, macho kwenye skrini. "Sikuoni hapa."

"Mimi naongoza. Kiongozi hakai kwenye foleni."

"Trafiki."

"Eeh, trafiki."

"Trafiki asiye na sare," akasema Ayoub, ambaye alikuwa amefunga kibanda chake ili amsimamishe Mpiga Mishale wake pembeni ya nyati kwa mshikamano.

"Kwenye ile mashine mbovu huwezi kuongoza," Kashinje akaendelea. "Njoo kwenye hii, uingie dakika moja umlete Mwekundu. Mama yao akikaa mbele, hawa watatulia."

"Mwekundu..." Nikakohoa. "Mwekundu mguu unamsumbua."

"Mguu upi?"

"Wa nyuma."

"Wa kushoto au wa kulia?"

"Yote, Kashinje. Mvua hizi."

Enesi alicheka mpaka akashika kaunta. Kashinje hakucheka. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa habari za mgonjwa. "Mpe pole," akasema. "Mwambie ajitahidi."

Jumamosi aliniuliza kama mguu umepoa. Nikasema umevimba. Akaniambia kwao uvimbe wanaukanda kwa chumvi ya moto. Nikaahidi kuukanda. Fikiria, nimekaa kwenye kiti naahidi kumkanda nyati ambaye sijui kama yuko duniani.

Na kadiri nilivyomkanda, ndivyo nilivyozidi kupiga kelele kwenye ule ukurasa. Niliandika asubuhi, nikaandika mchana. Mfugaji yeyote aliyeandika kwamba amechoka, nilimrukia: utawaambia nini wanyama wako? Umewalea ili uwatupe porini kwa sababu mtu amekuambia utazoea? Mfilipino mmoja aliniandikia kwamba alikuwa ameshaweka kidole kwenye nyekundu, amesoma maneno yangu, ameondoa kidole. Nililisoma hilo mara mbili.

Jumapili, watu wakiwa wanatoka kanisani na viatu mkononi kwa sababu ya tope, tulikuwa kwa Enesi wote. Saa sita ilipogonga, lile dirisha lililoburutwa pembeni likarudi katikati lenyewe, kubwa, limefunika daraja, limefunika nyati. Haliburutiki tena. Nikasoma: Bonyeza ukubali, au utatolewa. Atakayetolewa, hatuahidi kwamba atakuta kitu akirudi. Chini yake sekunde zilikuwa zinahesabiwa kurudi nyuma.

Kashinje alikuwa ameshika mausi.

"Bonyeza bwana," Ayoub akamwambia kwa sauti ya chini. "Tumepigana, imetosha. Angalau ubaki na mmoja."

"Yupi?"

"Yoyote. Madoa."

"Halafu Kijivu nimwambie nini?" Kashinje akanigeukia. "Sadoki. Wewe ndiye unayewasoma hawa. Nifanyeje?"

Hapo nitakuambia kitu kimoja. Angebonyeza, tungekuwa wawili. Hakuna ambaye angeuliza tena habari za mguu wa nyuma. Wawindaji wawili na mbwa wao, tunalaumu kampuni, tunanunua mahindi ya kuchoma, maisha yanaendelea. Neno bonyeza lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Usiguse," nikasema.

"Una hakika?"

"Baba yako alikupa kalamu bila kukuuliza. Hawa ulijipatia mwenyewe. Kama wanakunyang'anya, wakunyang'anye wao. Mkono wako usiwemo."

Akaachia mausi. Akakunja mikono kifuani, akaegemea nyuma, akaitazama ile nyekundu kama jogoo anavyotazama jogoo mwingine. Sekunde zikaisha. Skrini ikawa nyeusi. Enesi akasema, "Jamani," akaenda kusimama mlangoni.

Jumatatu Bonde halikufunguka kwa mtu yeyote. Kashinje alikuja hivyohivyo, akakaa mbele ya skrini iliyokufa, akaondoka bila kusalimia Kisukuma.

Jumanne, mvua imetulia, nilifungua ukurasa wa majadiliano kwenye mashine ya barua nikakuta tangazo jipya. Nilipiga kelele dereva mmoja wa Zambia akamwaga chai. Nikapanda juu ya kreti la soda, nikawasomea. Kwa kuwa Wafugaji wengi mno wamekataa, wenye mchezo wamefikiri upya! Asiyebonyeza atabaki Mfugaji na kundi lake lote. Vitufe vya zamani vinarudishwa kwa atakayevitaka. Kulikuwa na mstari mmoja zaidi mwishoni, wa wale waliokwisha kubonyeza. Kwa faida ya wasikilizaji niliuruka.

Kashinje akavuta kiti, akaingia Bonde. Baragumu likalia. Ukungu ukaondoka. Na pale darajani, palepale walipokuwa, wamesimama nyati wake wanatafuna.

Sitasahau uso wake. Enesi alipiga vigelegele, Ayoub alimbeba Kashinje na kiti chake, yule dereva aliyemwaga chai akanunua soda za watu wote bila kujua tunashangilia nini. Nami nilikuwa bado juu ya kreti, na mtu akiwa juu ya kreti huwa anahutubia.

"Ndugu zangu! Walituambia tutazoea. Je, tumezoea?"

"Hatujazoea!"

"Walileta nyekundu. Je, mimi niliigusa? Mimi Sadoki, na mwenzangu Kashinje, vidole vyetu ni visafi! Waliogusa ni waoga, na watabaki na vimbwa vyao vya stendi!"

Wakapiga makofi. Kashinje naye alipiga makofi, polepole, mpaka wengine wakamaliza akabaki peke yake.

"Ayoub," akasema. "Njoo uhesabu nyati wangu mlangoni mwa soko. Anzia yule wa pembe ndefu."

"Huyu mwekundu?"

"Huyohuyo."

Ayoub akainama. "Anaitwa Mwekundu. Ah, amepona mguu!" Akaninyooshea dole gumba. "Sadoki umemleta saa ngapi?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na majibu mawili matatu, yote mazuri, nikawa nachagua.

"Hajamleta," Kashinje akasema. "Amekuwa kwenye foleni tangu siku ya kwanza, ila Sadoki hakuwa na mashine ya kumwonea, na wewe hukusoma majina. Alirudi mwenyewe Alhamisi asubuhi. Nilipofungua nilimkuta kwenye mlango wa zizi, na juu yake wameandika: mwenyeji wake hana zizi tena."

Ayoub aliangalia skrini, akaniangalia mimi, akaangalia lile kreti.

"Alhamisi?" nikasema. "Na ukaniacha nimkande siku zote hizo? Mbona ulikausha?"

Nilipokwisha kuuliza ndipo nikajua nimejibu.

"Ulikuwa unapiga kelele vizuri," Kashinje akasema. "Mtu ambaye hajaungua hapigi kelele namna ile. Ningekutaja, nani angewaandikia Wapolandi?" Akanywa soda yake, akafuta mdomo, na hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Sasa shuka. Dada Enesi, geuza ile mashine ya barua. Kuna mstari wa mwisho ameuruka, hapa kwangu upo. Asome. Kwa sauti ileile."

Enesi akaigeuza mashine, ikanikabili. Nikasubiri umeme ukatike. Umeme wa pale hukatika hata mtu akipiga chafya.

Siku ile uliwaka tu.